MWENYE SINDANO HANA CHETI, MWENYE CHETI HANA KAZI



Kila tukikaa mezani na waajiri wa mashamba ya ng'ombe, hatukosi kusikia wimbo ule ule: kwamba hapa Kenya watu wenye ujuzi wa afya ya mifugo ni wachache, na kwamba mishahara haiwezi kupanda kwa kuwa wafanya kazi waliopo "hawakusoma." Tumeusikia wimbo huo mpaka masikio yanauma. Leo tutaujibu, na tunaomba kila mwana Chama asome jawabu hili, na asiyejua kusoma asomewe na mwenzake.

Kwanza twauliza. Ng'ombe akishindwa kuzaa saa nane za usiku, nani anayevua shati na kuingiza mkono mpaka begani? Ni daktari aliyelala mjini? Nani anayepapasa tezi chini ya sikio la ndama kila asubuhi na kusema, "Huyu ameshikwa na ndigana, leteni dawa upesi"? Nani anayemtoboa ng'ombe aliyevimba tumbo, ubavu wa kushoto, mahali penyewe hasa, hewa ikatoka na mnyama akasimama? Twamjua wote. Ni mkamuaji. Ni mchungaji. Ni mtu wa josho. Katika kitabu cha mishahara ameandikwa kibarua, na hulipwa sawa na anayefyeka majani kando ya barabara. (Anayefyeka hatumdharau, naye analipwa kidogo mno.)

Basi ujuzi upo. Kisichokuwako ni cheti, na maadamu cheti hakipo, mwajiri hana haja ya kuulipa ujuzi. Ndiyo maana hana haraka hata kidogo ya kukileta.

Wako ndugu zetu watakaosema: kama kazi twaijua, karatasi ya nini? Hao nao wanakosea, na afadhali tuwaambie hapa kuliko waambiwe na mwajiri. Tazama ng'ombe aliyezaa jana akaanguka leo kwa homa ya maziwa. Huchomwa dawa ya kalisi mshipani. Ikiingia polepole, ng'ombe huinuka kama aliyefufuliwa. Ikiingia kwa haraka, moyo husimama na mnyama amekufa mikononi mwako. Mtu aweza kuifanya kazi hiyo miaka kumi kwa kuiga aliyemtangulia, asiambiwe hata siku moja kwa nini, na mwaka wa kumi na moja akaua. Au tazama penisilini. Ng'ombe akitibiwa kwa dawa hiyo, maziwa yake hayafai kuuzwa kwa siku zilizoandikwa kwenye chupa, kwa sababu dawa hutoka na maziwa, mtoto akainywa bila kujua, na vijidudu vikazoea dawa mpaka siku moja isiponye tena mtu wala mnyama. Ni wangapi wetu tumeonyeshwa jinsi ya kuisoma chupa hiyo? Na ni wangapi walioisoma, wakamwambia msimamizi, wakajibiwa wamimine maziwa katika mkebe na kufunga midomo?

Kwa hiyo sisi si maadui wa masomo. Sisi ndio tunaoyataka kuliko mtu ye yote, kwa sababu sisi ndio tulioko zizini.

Masomo yenyewe si siri. Serikali ina vyuo vya kufundisha wasaidizi wa afya ya mifugo huko Kabete, Ndomba na Nyahururu. Cheti huchukua miaka miwili na diploma huzidi hapo. Mwanafunzi hufundishwa mwili wa mnyama ulivyo ndani, kupe na minyoo, dawa na vipimo vyake, chanjo, ukaguzi wa nyama, kupandisha ng'ombe kwa mbegu iliyohifadhiwa katika baridi kali, na utunzaji wa maziwa na ngozi. Ni mafunzo mazuri. Lakini mlango wake ni cheti cha Kidato cha Nne chenye alama za sayansi, na karo mkononi. Mkamuaji wa miaka arobaini aliyeacha shule darasa la saba ili ndugu zake wale, huyo hata langoni hafiki. Na aliye na cheti cha Kidato cha Nne, ataacha kazi miaka miwili, watoto wake wale nini?

Sasa sikilizeni mtego ulivyotegwa. Mwaka 2011 Bunge lilipitisha Sheria ya madaktari wa mifugo na wasaidizi wao. Sheria hiyo yasema mtu asifanye kazi ya kutibu mifugo mpaka ameandikishwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo, na msaidizi afanye kazi yake chini ya uangalizi wa daktari. Sisi hatuipingi. Matapeli wanaozunguka na mkoba wa dawa zilizoharibika wameua mifugo ya maskini wengi. Lakini mkamuaji anayeamriwa na msimamizi wake, "Chukua sindano, mchome yule mweusi," yeye ni tapeli? Hakujitangaza daktari. Hakupokea ada. Ameamriwa, na akikataa, kesho hana kazi. Ng'ombe akipona, sifa ni za shamba. Ng'ombe akifa, hukatwa mshahara, au hufukuzwa. Na ofisa akija kuuliza nani aliyemchoma huyu mnyama, bwana huonyesha kidole zizini. Yaani faida ni ya mwenye shamba na hatia ni ya kibarua.

Tena huo ni upande mmoja tu. Upande wa pili yuko kijana aliyesoma. Wazazi wake waliuza ndama na kipande cha shamba, akakaa chuoni miaka miwili, akapata cheti chake na kuandikishwa. Yuko wapi? Wengi wao mtawakuta katika maduka ya dawa za mifugo, nyuma ya meza, wakiuza chumvi na dawa ya minyoo kwa mshahara ambao mwenye duka amejipangia mwenyewe. Wengine wako mashambani katika kile kinachoitwa "kujifunza kazi": miezi na miezi ya kuamka alfajiri, kushika ng'ombe, kuandika vitabu vya kumbukumbu, bila senti moja, hata nauli. Akimaliza huyo, huletwa mwingine wa bure. Shamba moja tulilolizuru lilikuwa halijapata kumwajiri msaidizi hata mmoja mwenye cheti kwa mshahara, na wakati huo huo halikukosa mwanafunzi wa bure hata msimu mmoja.

Haikuwa hivi siku zote. Zamani Serikali yenyewe ilimwajiri kila aliyehitimu. Alipewa pikipiki, josho la kuangalia na tarafa ya kuhudumia. Mwishoni mwa miaka ya 1980, kwa shauri la wakopeshaji wa ng'ambo, Serikali iliacha kuajiri hivyo, ikasema sasa kazi hii ni ya watu binafsi, soko litaajiri. Majosho mengi yalikauka. Tangu 2013 kazi ya mifugo imekuwa ya serikali za kaunti, kama Katiba ya 2010 inavyosema, na kaunti nyingi huajiri kwa mkataba mfupi, tena pale bajeti inapopenda. Soko liliajiri, ndiyo. Liliajiri mkamuaji asiye na cheti, kwa mshahara wa kibarua, na kumwacha mwenye cheti barabarani.

Hapo ndipo tunapotaka ndugu zetu wafungue macho. Mwenye cheti humwona mkamuaji kama mwizi wa kazi yake. Mkamuaji humwona mwenye cheti kama mtoto wa juzi aliyekuja na soksi nyeupe kumfundisha kazi aliyoifanya tangu kijana huyo hajazaliwa. Wanagombana zizini, na mwajiri anakunywa chai. Kama mkamuaji angekuwa na cheti na kulipwa mshahara wa cheti, mwajiri asingekuwa na njia ya mkato, ingembidi aajiri watu kwa cheo chao cha haki, na kijana wa chuoni naye angepata nafasi. Adui wa kijana yule ni kazi ya rahisi, na kazi ya rahisi haikubuniwa na mkamuaji.

Wakubwa hupenda kusema kwamba uganga wa mifugo ni elimu ya juu mno kwa watu wa kawaida. Neno hili ni la kale hapa kwetu. Wakati wa ukoloni Waafrika waliosomea udaktari wa mifugo Makerere walirudi na diploma, wakapewa cheo cha Msaidizi, hata kama kazi waliyofanya ilikuwa ile ile ya Mzungu aliyekuwa Ofisa kamili. Mwaka 1962 masomo hayo yalihamishiwa Kabete, na baada ya Uhuru watoto wetu wamekuwa madaktari kamili. Tunajivunia. Lakini tabia ya kumwambia aliye chini "wewe utabaki kushika kamba" haikuondoka na Mzungu. Ilibadili koti tu.

Na historia ya ugonjwa wa sotoka inawaumbua. Sotoka ndiyo iliyoangamiza ng'ombe wa Afrika Mashariki katika miaka ya 1890, wafugaji wakafa njaa pamoja na mifugo yao. Chanjo iliyofaa kuliko zote ilitengenezwa hapa hapa Muguga, karibu na Kabete, na Walter Plowright na wenzake, kazi iliyokamilika mwanzoni mwa miaka ya 1960. Jina lake limeandikwa katika vitabu, na ni haki yake. Walioshika kamba, waliobeba masanduku ya barafu, waliofukuza ng'ombe waingie uani, hao majina yao hayapo popote. Chanjo hiyo ilikuwa na shida moja: ilitaka baridi. Barafu ikiyeyuka, dawa imekufa. Kwa hiyo ilifika mahali gari lilipofika, na sotoka ikabaki ikijificha kule gari lisikofika, Karamoja, Sudan ya Kusini, nchi ya Waafar huko Ethiopia. Baadaye wataalamu walitengeneza chanjo inayovumilia joto kwa siku nyingi. Basi nani apeleke? Madaktari hawakuwako, na wachache waliokuwako hawakuweza kutembea na mifugo porini. Wakafundishwa wafugaji wenyewe. Wengine hawakujua kusoma. Walifundishwa kwa muda mfupi, wakaonyeshwa kuchanganya dawa, kuchoma, kuhesabu, na kutoa habari za ugonjwa, wakaenda kwa miguu. Wako wenye vyeo waliokunja uso wakasema hilo ni kuishusha hadhi ya kazi. Lakini ng'ombe waliochanjwa hawakufa. Mara ya mwisho sotoka kuonekana duniani ilikuwa 2001, kwa nyati wa mbuga ya Meru hapa Kenya, na mwaka 2011 ikatangazwa kwamba imekwisha duniani kote. Ni ugonjwa wa pili kufutwa ulimwenguni baada ya ndui.

Mfugaji asiyejua kusoma amesaidia kuifuta sotoka duniani, lakini mkamuaji wa Nakuru mwenye miaka ishirini ya kazi ati hawezi kufundishwa! Nani ataliamini jambo hilo asipolipwa kuliamini?

Basi waajiri hubadili maneno. Wakishindwa kusema hatuwezi kufundishwa, husema hakuna fedha. Tuzungumze fedha, maana hapo ndipo wanapopenda tukae kimya. Kuna Sheria ya Mafunzo ya Kazi, na kuna Mamlaka ya Taifa ya Mafunzo ya Viwandani. Tangu mwaka 2007 kodi ya mafunzo imewekwa kuwa shilingi 50 kwa kila mfanya kazi kila mwezi, nayo hulipwa na mwajiri, si kukatwa katika mshahara wako. Ukiona imekatwa kwako, njoo ofisini leo hii. Chukua shamba la watu 200. Ni shilingi 10,000 kwa mwezi, 120,000 kwa mwaka. Kwa miaka mitano ni 600,000. Na mwajiri akimpeleka mfanya kazi katika mafunzo yaliyokubaliwa na Mamlaka, anayo haki ya kudai arudishiwe gharama kutoka katika fuko lile. Sasa waulizeni waajiri wenu: umelipa? Umedai? Umempeleka nani? Tunajua jawabu katika mashamba kadha wa kadha. Aliyepelekwa ni mtoto wa msimamizi, na alipelekwa kusomea kompyuta.

Neno lao la mwisho ni hili: "Tukimsomesha ataondoka." Mabwana, mtu haondoki mahali anapolipwa kwa haki. Mnaogopa ataondoka kwa kuwa hamna nia ya kumpandisha mshahara baada ya cheti, mnataka mtu mwenye elimu ya cheti na mshahara wa kibarua. Sisi tuko tayari kuandika katika mapatano kwamba aliyesomeshwa kwa fedha za shamba atumike muda fulani kabla ya kuhama. Lakini nanyi muandike katika ukurasa huo huo mshahara atakaolipwa siku ya kurudi. Ukurasa wenye saini moja hatuutaki.

Tumezungumza mshahara. Sasa tuzungumze uhai, na hapa hatutacheka na mtu. Mkono unaoingia ndani ya ng'ombe aliyetupa mimba, bila glavu, ndio mkono unaoleta ugonjwa wa kutupa mimba kwa binadamu. Homa inakuja na kuondoka, viungo vinauma, jasho la usiku, nguvu za mwili zinakwisha. Mfanya kazi anakwenda zahanati, anaambiwa ni malaria, anaambiwa ni taifodi, anameza vidonge vya kila rangi, mwaka unapita na hawezi kuinua ndoo. Kisha anaachishwa kazi kwa uvivu. Na homa ya Bonde la Ufa, ambayo ilitambuliwa mara ya kwanza karibu na Naivasha mnamo 1930 na 1931, huambukizwa kwa mbu na pia kwa kugusa damu na mimba za wanyama wagonjwa. Mvua kubwa za mwisho wa 2006 ziliileta Garissa na kwingineko, na watu zaidi ya 150 wakafa Kenya kabla haijatulia mwaka 2007. Kimeta nacho kingali kinatutazama: mzoga usiopasuliwa huua mmoja, mzoga uliopasuliwa na mtu asiyefundishwa huua jamaa nzima. Halafu josho. Dawa ya kupe ni sumu, hata ikiandikwa jina zuri kwenye mkebe. Mtu anaichanganya kwa mkono, anavuta mvuke wake, anafuta jasho kwa mkono ule ule, na chakula chake kiko mfukoni.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 haimpi mwajiri hiari katika jambo hili. Inamlazimisha kuwapa wafanya kazi maelezo, mafunzo na uangalizi unaohitajika ili wasiumie. Ya mwaka huo huo inayohusu fidia inamlazimisha kuwawekea bima ya ajali na magonjwa ya kazini. Basi mafunzo tunayoyadai si zawadi ya sikukuu. Nusu yake tayari ni sheria, na sheria hiyo inavunjwa kila asubuhi wakati wa kukamua.

Neno kwa baadhi yetu sisi wenyewe, maana halifichiki. Wako wachache wanaochukua dawa ya shamba jioni na kwenda kutibu ng'ombe wa majirani kwa malipo, nusu chupa hapa, nusu chupa pale. Tunaelewa njaa. Lakini ndugu, unamharibia kila mwana Chama aliye mezani anayejaribu kusema kwamba sisi tunastahili kuaminiwa na sindano. Acha. Chama hakitakutetea katika hilo, na kitakwambia hivyo mbele ya watu.

Katika mazungumzo yajayo wajumbe wetu wataweka mezani haya. Cheo cha mtunza afya ya mifugo kiandikwe katika mapatano, chini ya mwenye cheti lakini juu ya kibarua, kwa kila anayeamriwa kushika sindano, na aishike kwa uangalizi kama sheria isemavyo. Kila shamba litoe watu kwenda mafunzoni kwa zamu, kwa mshahara kamili, kwa fedha za kodi ya mafunzo, na wachaguliwe kwa miaka ya kazi na si kwa udugu. Wanaojifunza kazi walipwe. Mtu anayefanya kazi ya shamba ni mfanya kazi, hata akiitwa mwanafunzi. Glavu, buti na mavazi ya josho vitolewe kabla ya mwisho wa mwezi, hilo halingoji mazungumzo. Na kwa kuwa Serikali yenyewe imekubali kwamba ujuzi uliopatikana kazini waweza kupimwa na kupewa cheti, vyuo vya mifugo navyo vifungue mlango huo: mtu wa miaka ishirini zizini apimwe kwa mikono yake, afundishwe yale asiyoyajua, asiambiwe arudi kukaa na watoto kujifunza ng'ombe ana matumbo mangapi.

Tukifika mezani watatuuliza ushahidi. Kwa hiyo kila mkamuaji, mchungaji na mtu wa josho anunue daftari. Andika tarehe. Andika namba ya sikio ya mnyama, alivyougua, dawa gani, kiasi gani, nani aliyekuamuru, na alipona au alikufa. Ukishindwa kuandika, mwambie mtoto wako wa shule akuandikie jioni. Usiliache shambani; lala nalo nyumbani. Makatibu wa matawi watapita kuyakusanya na kuyanakili, nawe utarudishiwa lako. Wale vijana wenye vyeti walioko madukani na wale wanaojifunza bila malipo wanakaribishwa pia ofisini, waje na barua zao za chuo, hata kama hawajapata kuwa wana Chama.